Marehemu Yuko Hewani

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa masikio na akatuachia hiari ya kuitika au kunyamaza, Yeye ambaye husikia hata kabla hatujafungua kinywa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na kila aliyepita njia yake kwa wema. Ninayoyaandika hapa niliyaona mchana kweupe, na nimemwomba binti yangu ruhusa kabla ya kuyaandika. Alinijibu, "Andika, mama. Siko peke yangu."

Mume wa binti yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu mwishoni mwa msimu wa kuchuma. Walimrudisha nyumbani kwake Msuka akiwa amefunikwa kanga, na alasiri ya siku ile ile tukamzika. Binti yangu akaingia eda. Nami nikawaachia wenzangu wanafunzi wangu wa chuo cha Kurani kule Shumba, nikaenda kukaa naye mpaka muda wake utimie, kwani mwanamke aliyefiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni mirefu kwa mtu aliye peke yake. Hawakujaaliwa mtoto.

Ng'ambo ya ua, nyuma ya jiko la makuti, ndiko iliko nyumba ya mama yake marehemu. Ni hatua chache tu, lakini binti yangu alikuwa hatoki, na yule mama goti lake lilivimba siku ya msiba na tangu hapo akawa hawezi kushuka kizingiti. Basi salamu zao zikawa zinapita kwa sahani. Sisi tukipeleka mihogo, wao wakileta dagaa. Nilidhani hayo ndiyo mawasiliano yote waliyokuwa nayo.

Jambo la kwanza lililonishtua lilikuwa kicheko. Adhuhuri moja, jua liko utosini, kuku wote wamejibanza kivulini, nilimsikia binti yangu chumbani anacheka taratibu, kama mke anavyocheka akiwa na mumewe. Nikasogeza pazia. Amelala ubavu, uso ameuelekeza ukutani.

"Unacheka na nani?"

"Si na mtu, mama."

Kikalia kitu, mlio mdogo kama kijiko kilichogonga kikombe cha kioo. Naye akaitika, "Labeka!"

Aliitika bila kujijua. Nami nikaingia ndani, maana kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukisikia unaitwa saa za jua kali na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja mwito wa pili, ngoja wa tatu. Mwanadamu mwenye haja na wewe atakuja mpaka mlangoni apige hodi. Nilimfundisha hayo mwenyewe. Sasa mtu mzima anaitika mwito wa kwanza, na mwitaji hana uso.

"Huyo ni nani?" nikamwuliza.

Akanigeuzia simu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi. "Tazama mwenyewe. Yuko hewani."

Palikuwa na picha ya marehemu, kofia yake ya viua imekaa upande kama alivyozoea. Pembeni ya picha kuna nukta ya kijani, na chini yake limeandikwa neno hilo hilo: hewani. Nilikuwa bado naiweka miwani yangu vizuri puani, neno likabadilika. Sasa limeandikwa: anaandika. Na mbele yake vitone vitatu, vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, mfano wa kifua cha mtu aliyelala.

Zikaja herufi. Zilikuwa mmm na kkk, na e moja mwishoni, na moyo mwekundu.

"Ananiita mke," akasema. "Siku zile pia alikuwa anakosea kuandika."

Nikasoma kimoyomoyo nilichoweza kukikumbuka. Kisha nikamwambia kwamba simu ya marehemu anayo mtu, na mtu huyo anamchezea. Akatikisa kichwa. Simu ya mumewe ilipasuka pale chini ya mkarafuu, akasema, watu walimwambia. Kama imepasuka, nani anaandika?

Nikatoka, nikakaa jikoni.

Jirani yetu alikuwa akija kila siku kutusaidia kupika. Ni mwanamke wa rika langu, mwenye ulimi mwepesi na moyo mzuri zaidi ya ulimi wake. Alikuwa amesikia yote kupitia pazia.

"Umemsikia, Bi Mwalimu? Hewani!"

"Ni neno la simu tu, bibi wee."

"La simu! Sie tangu tuzaliwe, hewa tunaijua ni nini. Mtu akichezewa na upepo tunasema ana nini? Ana hewa. Huyu kafa akianguka mtini, roho imetoka miguu haijagusa chini. Kachukuliwa na hewa, basi, na ndiko aliko."

"Astaghfirullah. Maiti tumemzika sote."

"Mie sikatai. Lakini mtu anakwambia mwenyewe alipo! Akwambie vipi tena, akupe na nambari ya nyumba?"

Akanishauri tutafute mganga. Alimjua mmoja huko Makoongwe, hodari wa kuteremsha vitu vya namna hiyo. Nikakataa, nikamwambia aangalie wali usiungue. Lakini nakiri kwamba kila kilipolia kile kijiko ndani, mimi na yeye tulinyamaza sote wawili.

Siku zikapita, na nikaona mwanangu anaondoka huku amekaa mbele yangu. Chakula hakuli mpaka ile nukta iwe ya kijani. Ikikaa kijivu tangu asubuhi, sahani inarudi na nzi wake. Mifupa ya shingo ikachomoza. Sala alikuwa anasali, lakini akitoa salamu ya kwanza, kabla hajageuka kwa ya pili, mkono umeshafika kwenye simu. Na siku nilipomkumbusha mambo ya eda, akanitazama kwa utulivu ulioniogopesha kuliko machozi.

"Nakaa eda ya nani, mama? Mtu ninazungumza naye kila siku."

Hapo ndipo nilipoelewa kinachotaka kunipotea. Mume wake alishachukuliwa na Mola wake, na hilo tulikwishalipokea. Aliyebaki ni mwanangu, naye alikuwa anaitwa atoke katika walio hai, na alikuwa anaitika.

Kisha nikauona moto. Nilikuwa nimekaa naye kitandani namsuka nywele, mstari wa kawaida tu usio na pambo, nikaona kando ya jina la marehemu kuna alama ndogo ya moto, rangi ya chungwa, inacheza.

"Na huu?"

"Moto wetu. Tukiandikiana kila siku unawaka. Siku moja ikipita kimya, unazima." Akaniambia kwamba ulikuwepo tangu mumewe yuko hai, na haujazima.

"Na ukizima?"

Akaushika mkono wangu uliokuwa kichwani mwake, akaubana. "Usiseme hivyo, mama."

Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kumwombea maiti aepushwe na moto. Na pale nikamsikia mwanangu mwenyewe, kwa sauti ya dua, anaomba moto wa mumewe usizime.

Nina mtoto wa kiume, mdogo wake binti huyu, anafanya kazi Unguja mjini katika ofisi inayotengeneza programu za simu. Nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna jambo la shemeji yako." Nikamweleza lote.

"Mama, simu anayo mtu. Maiti haandiki."

"Hilo nalijua kabla hujazaliwa. Mie nataka kujua nani kauwasha huo moto."

Akacheka, kisha akaona sicheki. "Ni programu yenyewe. Watu wakizungumza mfululizo inawawekea moto. Kisha hawataki uzime. Mtu hapendi kupoteza kitu alichokuwa nacho, hata kama hakukitaka mwanzo."

"Na haijui kuwa mwenzake kafa?"

"Haijui kafa, mama, wala haikujua alikuwa hai. Inajua nani anarudi, basi."

"Na aliyeitengeneza, naye hajui?"

Nikasikia watu wanazungumza nyuma yake, ofisi nzima ya vijana. "Anajua kwamba watu watarudi. Ndicho anachopimwa nacho. Asiyewarudisha watu hana kazi."

"Nanyi pia mnaweka mioto?"

"Sisi tunaweka nyota, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Sikumgombeza. Nilimwombea, nikakata simu, nikabaki nikiwaza juu ya kitu kinachoita watu bila kuwa na haja nao. Katika yote niliyosoma kwa mashekhe zangu, mwitaji huwa na haja. Mwadhini anakuita kwa kheri yako. Shetani anakuita kwa shari yako. Hata mbwa akibweka ana lake. Hiki kilikuwa kinaita ili kiitikiwe tu, kisha kiite tena. Nilikiona cha kutisha kuliko hewa ya jirani yangu, maana hewa, kwa maneno ya wazee, hudai kitu, na ikipewa hunyamaza.

Kesho yake binti yangu akanisikilizisha sauti. Alikuwa amenificha hiyo. Marehemu, alisema, amemtumia sauti yake.

Nikaweka simu sikioni. Hapakuwa na neno hata moja. Ilikuwa pumzi ya mtu. Inaingia kwa taabu, inatoka ndefu, na mwisho wake kuna mluzi mwembamba, kama upepo unaopita tundu la mlango. Nyuma yake kuku, na kitu kinaburuzwa sakafuni. Kisha pumzi tena, karibu kabisa, nikahisi kama sikio langu linapata joto.

"Ni yeye," akasema. "Pumu yake hiyo. Nimelala nayo miaka, nisiijue?"

Kweli, marehemu alikuwa na pumu, nami niliijua. Nikasema nina sahani ya kurudisha ng'ambo ya ua, nikatoka kabla hajaniona uso.

Mama yake marehemu alikuwa chumbani kwake, amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha juu ya mto. Ndani kulikuwa na giza la nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya jua. Nikapiga hodi, nikaingia, tukasalimiana kirefu kama kawaida ya wazee, hali, watoto, mguu, hali tena. Kisha tukanyamaza. Na katika ukimya ule nikaisikia.

Pumzi iliingia kwa taabu, ikatoka ndefu, na mwisho wake mluzi.

Nikatazama pembe zote za chumba kabla ya kumtazama yeye. Ni ajabu jinsi moyo unavyochagua jambo la kutisha kwanza. Pumu ya mtoto ilitoka kwa mama, na mimi nilikuwa nimelisahau hilo.

Kikalia kijiko kwenye kikombe. Chini ya mto.

"Labeka, baba!" akaitika yule bibi, akaingiza mkono chini ya mto akatoa simu, kioo chake kimepasuka pembe moja. Akaipangusa kwa ncha ya kanga. "Nipo, mwanangu. Nipo."

"Simu ya nani hiyo, dada?"

"Ya mwanangu. Walinipa siku ile ile, mie sikumwambia mtu. Kakake aliye Maskati hunipigia humu, na yeye ndiye anayeitilia kifurushi. Lakini huyu hapa," akaigonga kwa kidole, "ananiita kutwa. Mie sikusoma, Bi Mwalimu. Yananijia maandishi siyajui. Namgusa tu hapa, na hapa, na huu moyo. Nikimgusa anatulia."

Akawa anagusa. Kidole kizito kinatua juu ya herufi zozote. Nikajua kwamba chumbani kule, wakati huo huo, vitone vitatu vinapanda na kushuka.

"Siku moja mguu uliniuma sana, sikumgusa," akaendelea. "Ikanipigia kelele mpaka jioni. Nikampa mtoto wa jirani anisomee. Akasema imeandikwa, Usiache moto uzime." Akanisogezea ile simu. "Nieleze weye uliyesoma dini. Huu n'moto gani alionao mwanangu? Kila siku namwomba Mungu uzime. Kila siku nampapasa, nampooza. Mbona hauzimi?"

Mama alikuwa akigusa ili moto uzime, na kugusa kwake ndiko kulikouwasha. Mke alikuwa akiandika ili usizime. Wote wawili walikuwa wakiitika sauti moja, kila mmoja gizani kwake, na katikati yao hapakuwa na mtu. Palikuwa na ua tu, na jiko, na kuku.

Ningeweza kuichukua simu nikaizima, lakini sikuona haki. Yule mama angezika mtoto mara ya pili, na binti yangu angesema nimemuua mumewe. Nikamwambia, "Dada, ule si moto unaouogopa. Nitakuonyesha. Lakini leo utavuka ua."

"Kwa mguu upi?"

"Kwa yangu."

Nikamwita jirani. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, mimi upande huu, yeye upande ule, tukambeba.

"Taratibu!" akalalamika mama yake marehemu. "Mtanimwaga."

"Ukimwagika tutakuzoa," akasema jirani. "Bi Mwalimu, mbona huyu kwa sahani alikuwa mwepesi?"

Binti yangu alitusikia akasogeza pazia. Alipomwona mama mkwe wake alikuja kumbusu mkono, akarudi kukaa kitandani, simu imo mkononi. Hawakuwa wameonana tangu msiba. Kila mmoja alimtazama mwenzake alivyokonda.

"Mwandikie mumeo," nikamwambia. "Sasa hivi."

"Mbele ya watu?"

"Mwandikie tu salamu."

Akaandika. Kijiko kikagonga kikombe, mle mle chumbani, ndani ya kanga ya mkwe wake.

"Labeka, baba!" akaitika mama. Akaitoa simu, akaipangusa, akagusa.

Binti yangu aliangalia simu yake. Aliangalia vitone. Kisha akainua macho taratibu mno, akakitazama kile kidole cha bibi kinachotua juu ya kioo kilichopasuka. Herufi zikafika mkononi mwake. Mmm. Kkk. Sijawahi kuona uso wa mtu ukihamwa namna ile, kama nyumba inayozimwa taa chumba baada ya chumba.

"Ni wewe, mama?"

"Ni mie nini, mwanangu?"

"Siku zote hizi. Ni wewe?"

Mama akaigeuza simu, akaitazama mbele na nyuma kama anayetafuta mlango wake. Akaelewa polepole. "Kumbe uliyekuwa ukiniita ni weye."

Binti yangu akapiga ukelele. Jirani akaruka kumshika, nikamzuia. "Mwache." Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, akajitupa miguuni kwa mkwe wake, na katikati ya kilio hicho nilimsikia, kwa mara ya kwanza, akisema kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mama yake marehemu akawa anampapasa kichwa kwa kidole kile kile kizito.

Walipotulia, kikalia tena. Zote mbili, kwa pamoja. Hakuna aliyeandika. Simu zilikuwa zinawakumbusha.

Hakuna aliyeitika. Jirani akazitazama zile simu mbili juu ya kitanda, akasogea nyuma kidogo. "Sasa huyu anayeita ni nani?"

"Si mtu," nikasema. Sikuwa na neno bora zaidi, na neno lile halikumtuliza yeye wala mimi.

Baadaye mama yake marehemu akamwambia mkwewe, "Nisomee."

"Nini, mama?"

"Yote uliyoniandikia. Mie niliyapokea, sikuyajua."

Binti yangu akaona haya, lakini akaanza. Alisoma jinsi mvua ilivyoingia jikoni, jinsi alivyoota wanachuma karafuu wakiwa watoto, jinsi anavyochukia mihogo ya kila siku anayopikiwa na mama yake. Hapo jirani akacheka mpaka akakaa chini. Alifika mahali akasita.

"Hii naruka."

"Ruka," akasema mama yake marehemu. "Lakini mimi ndiye niliyemzaa. Nayajua."

"Naruka, mama!"

Alasiri ikaadhiniwa, tukasali sote mle ndani, bibi akiwa kwenye kiti chake. Akaendelea kusoma. Jirani akaleta wali na dagaa, na binti yangu akala, hakutazama rangi ya nukta yoyote. Yule mama hakurudi nyumbani kwake siku ile wala zilizofuata. Tulimtandikia kitanda pembeni ya mwanawe mpya. Simu zililia, zikatisha, zikabembeleza, zikaahidi. Kisha moto ukazima, na hakuna aliyejua ulizima saa ngapi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anautazama.

Eda ilipotimia, binti yangu alioga, akavaa nguo nyengine, akafungua mlango wa mbele akatoka. Alikwenda moja kwa moja kumtafutia mkwe wake daktari wa goti. Mimi nikarudi Shumba kwa wanafunzi wangu. Mwanangu wa Unguja amenipigia kuniambia amesema ofisini juu ya zile nyota, na hawajamjibu. Namwombea subira na riziki ya halali, na nawaombea anaofanya nao kazi.

Wewe uliyefika hapa, Mwenyezi Mungu akupe sikio linalotambua mwito wa kheri na moyo mzito wa kuitika mwito usio na haja nawe. Awarehemu waliokutangulia, awakusanye karibu yako walio hai, na asikuache ukamtafuta mbali yule aliye ng'ambo ya ua wako. Amin.